Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya dawa na michezo Tanga: sindano za kuchochea homoni ya ukuaji zinauzwa jimu na nyinyi mpo

Waheshimiwa wakubwa zangu mnaosimamia dawa, afya na michezo hapa Tanga,

Shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto, kazi yangu mtoa dawa, nakaa kaunta kwenye duka la dawa huku Ngamiani miaka mingi sasa, vijana wananiita dokta ingawa si daktari na huwa nawaambia. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya nimeimaliza. Nimepiga simu, nimepeleka barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nimeenda mwenyewe nikakaa kwenye benchi mpaka adhana ya adhuhuri. Ofisi ya kwanza wakaniambia mama hiyo ishu ya michezo, wa michezo wakasema hiyo ya dawa, nikarudi kwa wa dawa nikaambiwa hivyo ni virutubisho nenda kwa wa vyakula. Sitaji ofisi wala jina la mtu, wahusika wanajijua, na sijaja kumvunjia mtu heshima. Nimekuja kwa ajili ya hawa vijana.

Kwa ambao hawajui nazungumzia nini. Kuna vichupa vidogo vya unga mweupe, unga unachanganywa na maji halafu mtu anajidunga chini ya ngozi ya tumbo kwa sirinji ya insulini, wengi wanafanya usiku kabla ya kulala. Majina yake vijana wanayo kichwani: ipamorelini, CJC-1295, GHRP-2, GHRP-6, sermorelini, heksarelini. Hizo ni peptaidi, yaani vipande vifupi vya protini vilivyotengenezwa maabara, na kazi yake ni kuichochea tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo imwage homoni ya ukuaji kuliko kawaida yake. Zinatangazwa kwenye stetasi za WhatsApp, zinakuja na basi kutoka Dar, mtu anaenda kupokea mzigo wake stendi ya Kange kama anapokea simu ya mkononi. Wanaouza wanasema za kujaza mwili, za kukata tumbo, na watoto wanaambiwa ni za kurefuka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hii ni dawa ya sindano, tena inagusa kichwa na tezi, kwa hiyo mtu asiniambie ni virutubisho.

Mwili una utaratibu wake. Ubongo unatoa homoni inayoitwa GHRH kuiambia pituitari itoe homoni ya ukuaji, na unatoa nyingine, somatostatini, kuizuia. Tumbo nalo lina neno lake, linatoa grelini, homoni ya njaa, ambayo Wajapani akina Kojima na Kangawa waliitangaza 1999. Homoni ya ukuaji haitoki muda wote sawasawa, inatoka kwa vipindi, na kipindi kikubwa ni ule usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Ikifika kwenye ini inatengenezwa kitu kinaitwa IGF-1, na hiyo IGF-1 ikishakuwa nyingi inarudi kuuambia ubongo basi, inatosha. Sasa hizi peptaidi zinaingia katikati ya huo mpango. Sermorelini na CJC-1295 zinaiga ile amri ya ubongo, sermorelini ni asidi amino 29 za mwanzo kati ya 44 za GHRH yenyewe. GHRP-6 na ipamorelini zenyewe zinashika pale pale grelini inaposhika.

Ndo maana kuna mama mmoja alikuja dukani kutaka dawa ya minyoo ya kijana wake, anasema mwanangu anamaliza sufuria ya ugali saa tano usiku halafu saa nane anaamka kutafuta kiporo, na dawa ya minyoo nishampa ameshameza lakini wapi. Nikamuuliza anaenda jimu? Akasema eeh, na ana sindano zake kwenye friji anasema za vitamini. Nikamwomba aniletee niione. Ilikuwa GHRP-6, na kuleta njaa kali ni tabia yake inayojulikana kabisa. Yaani mama wa watu anahangaika na minyoo na mtoto anajidunga kichochea homoni chumba cha pili.

Na sisemi hizi kitu hazina kazi popote duniani, ningekuwa muongo. Tesamorelini ilikubaliwa Marekani 2010 kwa watu wenye VVU waliojaa mafuta ya ndani ya tumbo. Sermorelini ilikubaliwa huko huko 1997 kwa watoto wenye upungufu wa homoni, mwenye nayo akaacha kuiuza 2008. Macimorelini ya kunywa ilikubaliwa 2017, hiyo daktari anaitumia kupima kama pituitari ya mtu mzima inafanya kazi. Ona lakini, kila moja ina mgonjwa wake, ina kipimo chake, ina daktari amekaa hapo. Hizi zinazozunguka hapa kwetu nyingi ni zile ambazo hazikufika hatua ya kukubaliwa. Ipamorelini ilijaribiwa kwa wagonjwa ambao utumbo umegoma baada ya upasuaji wa tumbo, haikuonyesha faida ya kutosha ikaachwa. CJC-1295 majaribio yake yalisimamishwa 2006 baada ya mshiriki mmoja kufariki. Daktari aliyehusika aliona chanzo ni ugonjwa wa moyo aliokuwa nao tangu mwanzo, sawa, lakini dawa haikuendelea na haijawahi kusajiliwa. Hiyo ndo anajidunga kijana wa Makorora.

2. Kilichomo kwenye kichupa hakuna anayekijua.

Ninavyo vichupa kadhaa, nimeletewa na wazazi na vijana wenyewe waliopata hofu. Niwaelezee kimoja tu hiki: kifuniko cha plastiki cha bluu, chini kizibo cha mpira, karatasi imebandikwa upande na imechapwa kwa printa ya kawaida, wino ukishika na kidole chenye jasho unatoka. Imeandikwa jina na 5 mg basi. Hakuna kiwanda, hakuna namba ya bechi, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna nchi. Pembeni kwa herufi ndogo sana imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kwa ajili ya utafiti tu, isitumike kwa binadamu. Aliyetengeneza mwenyewe ameshasema isitumike kwa binadamu! Mimi dukani panadol ikikosa namba ya bechi mkaguzi ananifungia, na ana haki.

Halafu joto. Mnaijua Tanga mwezi wa pili ilivyo. Kichupa kimetoka Dar kwenye buti la basi, kimekaa mfukoni mwa bodaboda, kimefika. Kikishachanganywa kinatakiwa friji, nyuzi 2 mpaka 8, na kijana mmoja aliniambia yeye anaweka friza chini ya vibua ili mama yake asione, umeme ukikatika kinayeyuka ukirudi kinaganda. Protini ukiigandisha na kuiyeyusha hivo inaharibika. Na kuna la maji. Maji yanayotakiwa kwa kichupa cha kuchomwa siku nyingi ni yale yenye benzaili alkoholi ya kuzuia bakteria wasizaliane. Wao wananunua maji ya kawaida ya sindano, yale ya kutumia mara moja na kutupa, wanachanganya na kuchoma wiki tatu kutoka kichupa hicho hicho. Nimeshaona jipu tumboni kwa mtu kubwa kama ndimu.

3. Dozi wanakisia.

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo panaponinyima usingizi. Kichupa ni miligramu 5, sawa na mikrogramu 5,000. Ukitia maji mililita 2, kila mililita ina mikrogramu 2,500. Sirinji ya insulini ina mistari 100 kwa mililita, kwa hiyo kila mstari ni mikrogramu 25, na anayetaka mikrogramu 100 anavuta mistari minne. Sasa rafiki yake ametia mililita 1 tu, kwake mstari mmoja ni mikrogramu 50, lakini ameambiwa na mwenzie "vuta mistari minne" na anavuta minne, kajipiga dozi mara mbili na hana habari. Mwingine kichupa chake ni cha miligramu 10. Mwingine anachanganya miligramu na mikrogramu na yuniti, kwake yote ni "namba". Na hesabu yote hiyo inasimama tu kama kweli mle ndani mna hizo 5 mg, jambo ambalo nimeshasema hakuna anayelijua.

Kijana mmoja nilimkalisha pale kaunta nikamchorea kwenye bahasha ya dawa, alinyamaza, akasema dokta mimi navuta mpaka kumi. Mikono ilikuwa inamfa ganzi usiku, vidole vimejaa, pete haitoki. Hiyo ni dalili inayojulikana ya homoni ya ukuaji kuzidi, mwili unashika maji na mshipa wa fahamu wa kiganja unabanwa. Nilimpima sukari ya asubuhi kabla hajala ikawa juu, na mtu mwenyewe mwembamba, miaka ishirini na kitu. Homoni ya ukuaji inaifanya insulini isishike vizuri, ndo kazi yake mojawapo, na huku kwetu ni wangapi wana kisukari kwenye ukoo na hawajawahi kupima?

4. Watoto wa shule wamo.

Wanakuja na sare. Shikamoo dokta, naomba bomba za insulini tano. Za nani? Za bibi. Bibi anatumia insulini gani? Kimya. Mimi nishawarudisha wengi, lakini duka la tatu wanauziwa, bomba za sindano si bangi.

Mtoto ambaye mifupa haijafunga, zile sehemu laini za kwenye ncha za mifupa mirefu bado ziko wazi, huyo pituitari yake tayari inafanya kazi kubwa kuliko itakavyofanya maisha yake yote. Unaenda kuichokonoa kwa nini? Na yule ambaye mifupa imeshafunga, hata adungwe ndoo nzima harefuki, kitakachokua ni viganja, taya, pua na moyo. Mtoto mfupi kweli kweli apelekwe hospitali apimwe, upungufu wa homoni upo na unatibika kwa utaratibu. Wengi wao lakini hawana ugonjwa wowote, wamefanana tu na baba zao.

5. Sindano wanachangia.

Sitarefusha. Kichupa kimoja wanachanga wanne, bomba mbili. VVU, homa ya ini B, homa ya ini C. Nchi hii imehangaika miaka na miaka kuwafundisha watu wasichangie sindano.

6. Wanamichezo wetu watafungiwa na hakuna aliyewaambia.

Tanga ni mji wa michezo, msinifundishe hilo, nimekulia karibu na Mkwakwani na Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, nawajua kabla hawa vijana hawajazaliwa. Kuna watoto wa ngumi, wakimbiaji wa Raskazone alfajiri, waendesha baiskeli. Peptaidi hizi zote, GHRH na wenzake, GHRP zote, ipamorelini, mpaka MK-677, ambayo si peptaidi, ni ya kumeza lakini inachochea homoni ile ile, ziko kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupinga dawa zilizokatazwa michezoni, kundi la S2, na zimepigwa marufuku muda wote, siku ya mashindano na siku isiyo ya mashindano. Zinaonekana kwenye mkojo. Kosa la kwanza adhabu yake ya kawaida ni miaka 4, na sheria yao inamhesabia mwanamichezo mwenyewe kilichokutwa mwilini mwake, hakuna cha kusema kocha ndo alinipa. Kocha naye akimdunga mchezaji anafungiwa, na inaweza kufika maisha. Bondia wa miaka 20 ukimfungia miaka 4 umemmaliza. Nimeuliza makocha ninaowafahamu, hii orodha hawajawahi kuoneshwa.

Na faida yenyewe wanayoitafuta? Kuna utafiti ulichapishwa 2008, wazee 65 wenye afya nzuri walipewa MK-677 au kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walipata uzito wa nyama usio mafuta, lakini nguvu haikuongezeka, na sukari ya damu ilipanda. Mwili umejaa, nguvu ile ile. Vijana hawaambiwi hiyo sehemu ya pili.

Sasa najua mtakachonijibu maana nimeshajibiwa.

Mtasema ni watu wazima, wana hiari yao. Wenye sare si watu wazima. Na hao wazima hiari yao ni ya nini wakati hawajui kilichomo? Hiari inaanza mtu akishaambiwa ukweli.

Mtasema, kama alivyoniambia muuzaji mmoja uso kwa uso, hii haikuwekei homoni ya nje, inachochea ya kwako mwenyewe, ndo maana ni salama. Hili linawaingia sana watu. Mwambieni aende akamwone mgonjwa wa akromegali. Yule hajawahi kudungwa kitu, ni homoni yake mwenyewe, ya pituitari yake mwenyewe yenye uvimbe, na imemkuza viganja na taya, imempa kisukari na presha na moyo mkubwa.

Mtasema hamna mashine ya kupima kilichomo kwenye kichupa. Hamuhitaji mashine. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inataka dawa isajiliwe ndo iuzwe, na iuzwe mahali penye kibali na mtu mwenye sifa. Kichupa hakina usajili, jimu haina kibali cha kuuza dawa, muuzaji ni mnyanyua vyuma. Mkaguzi mwenye macho anatosha.

Mtasema hakuna malalamiko rasmi. Barua yangu ina muhuri wenu.

Na mtasema hakuna aliyekufa. Hilo silijibu, naomba tu msilirudie mbele ya mzazi.

Ninachoomba sasa. La kwanza, kaeni pamoja, dawa na michezo na elimu, mtutajie ofisi moja na namba moja ya simu ambayo mzazi, mwalimu au mtoa dawa akipiga anasikilizwa, isiwe tena nenda kule rudi huku. La pili, jimu na maduka ya virutubisho yakaguliwe, na mizigo ya vichupa inayoingia kwa mabasi iangaliwe, mkianza na wanaoleta na kuuza, si na mtoto aliyenunua. Hilo nasisitiza kwa sababu mkianza kuwakamata watumiaji hakuna kijana atakayekuja tena kuniambia mikono inamfa ganzi, watajificha na watachangia sindano zaidi. Wapeni mahali pa kurudisha vichupa na bomba walizotumia bila kuandikwa jina, wapimwe sukari na VVU na homa ya ini wakitaka, waelekezwe.

La tatu, kabla ya ligi na mapambano yajayo, makocha na mabondia waitwe, wasomewe ile orodha ya S2 kwa Kiswahili, jina moja moja, na kila kocha asaini kwamba amesikia. Haina gharama hiyo, ukumbi upo. La nne, tangazo redioni na kwenye misikiti na makanisa na shule za sekondari, fupi tu: sindano za kukuza mwili zinazouzwa jimu hazijasajiliwa, usijidunge, na ukiwa umeshajidunga ukaona ganzi, kuvimba miguu, kiu kali au kukojoa sana nenda hospitali na kichupa chako mkononi. Na wenye maduka ya dawa wenzangu tupewe maelekezo ya maandishi kuhusu kuuza bomba za insulini kwa wenye sare, maana sasa hivi kila mtu anafanya anavyojua, na sitaki mgonjwa wa kisukari wa kweli ahangaike kwa sababu ya hili.

Kwa vijana mtakaosoma hii, mimi si adui yenu. Mwili mkubwa unajengwa, nawaona wanaojenga kwa mayai, dagaa, maharage, pweza, kunyanyua chuma na usingizi wa saa nane, na huo usingizi ndo unaotoa homoni mnayoinunua. Inachukua muda, eeh.

Wakubwa zangu, naomba jibu la maandishi, lenye jina na cheo cha mhusika. Vichupa bado ninavyo, nimevifunga kwenye mfuko na kuandika kila kimoja kilinifikia lini na kutoka mtaa gani, bila majina ya waliovileta na hayo majina sitayatoa. Atakayekuja na kitambulisho chake cha kazi nitamkabidhi, atanisainia, nami nitatangaza hapa hapa kwamba vimechukuliwa.

Wenu katika kazi,
Mtoa dawa, Ngamiani, Tanga